Mizuki Shigeru na wale wasioonekana

Juzi usiku mwanangu wa miaka tisa alinikuta nimeinamia kitabu cha picha. Akasimama nyuma ya bega langu, akaangalia kwa muda, kisha akauliza, "Baba, hili ni jini au ni zimwi?" Picha ilikuwa ya kitu chembamba chenye ulimi mrefu, kinaramba dari ya nyumba wakati watu wamelala. Nikafungua mdomo kumjibu, nikakwama.

Si jini, maana jini kwetu ana dini na ukoo, anaoa na kuzaa, na Kurani imemtaja. Zimwi nalo lina njaa ya watu, na hadithi yake haiishi mpaka liuawe. Mzimu una jina la marehemu fulani. Pepo hupanda kichwani, na kumshusha kuna ngoma yake na mganga wake. Nikawaza kinyamkera, yule wa kimbunga cha vumbi la mchana, nikawaza na kibwengo. Hao wawili walau wanakaribia, kwa kuwa hawana makuu: wapo mahali fulani, saa fulani, wana jambo lao moja wanalolifanya. Wajapani huwaita yokai. Nimejaribu kulitafutia neno hilo mwenzake kwa miaka kadhaa sasa, na nimeamua kuliacha kama lilivyo.

"Huyu anaitwa Tenjoname," nikamwambia mwanangu. "Kazi yake ni kuramba dari usiku. Yale madoa unayoyaona juu asubuhi ni mate yake."

Akainua macho kuangalia dari yetu, ambayo masika ya mwaka huu yameichora madoa ya kila umbo. Hakusema kitu. Akanisogelea kidogo.

Aliyekichora kitu kile ni Mizuki Shigeru, mchoraji wa manga, yaani katuni za Kijapani, aliyezaliwa tarehe 8 Machi 1922 na kufariki tarehe 30 Novemba 2015 akiwa na miaka 93. Kwao Japani, mtoto na babu wote humjua kwa sababu ya Kitaro, kijana wa jicho moja aliyezaliwa kaburini. Mimi nilimjua kwa njia nyingine, kupitia kikongwe mmoja aliyemlea, na mpaka leo naamini hiyo ndiyo njia nzuri ya kuingilia kwake.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mura Shigeru. Alizaliwa Osaka lakini akakulia Sakaiminato, mji mdogo wa wavuvi katika mkoa wa Tottori. Alipokuwa mdogo ulimi wake ulikuwa mzito. Akiulizwa jina, badala ya Shigeru alijibu Gegeru, wenzake wakamfupisha kuwa Gege. Jina hilo la utotoni litarudi huko mbele.

Nyumbani kwao alikuwa akija mama mmoja mtu mzima kusaidia kazi, Kageyama Fusa. Mumewe alikuwa mtu wa kuwaombea watu dua, na katika lahaja ya huko mtu wa ibada za namna hiyo huitwa Nonnon. Basi watoto wakamwita Nonnonba, yaani Bibi Nonnon. Alikuwa maskini, lakini kila sauti na kila doa la mji ule alilijua kwa jina. Madoa ya darini ni ya Tenjoname. Bafu lisiposuguliwa, usiku huja Akaname kuramba uchafu wake. Na ukitembea peke yako gizani ukasikia nyayo nyuma yako, ukigeuka huoni mtu, huyo ni Betobeto. Dawa yake si kukimbia wala kumlaani. Unasogea kando ya njia, unamwambia kwa heshima, "Bwana Betobeto, tangulia." Nyayo zinapita, unaendelea na safari yako.

Niliposoma hapo nilikiweka kitabu chini. Bibi yangu mzaa mama, aliyetulea Tanga, hakuwahi kumwaga maji ya moto uani usiku bila kusema kwanza "Bismillahi" na kungoja kidogo, sufuria mkononi. Tulipomuuliza anamngoja nani, alijibu kwamba wapo, na wao wana watoto wao, si vizuri kumuunguza mtoto wa mtu. Nilipokuwa shule ya sekondari niliona aibu kwa maneno hayo. Sasa nayaona ni adabu ya hali ya juu: kumhesabu hata yule usiyemwona kuwa ana haki ya kupita salama. Nonnonba na Bibi yangu wangeelewana, hata bila mkalimani.

Bibi Nonnon alimchukua yule mtoto pia hekaluni kutazama michoro ya jehanamu: wenye dhambi wanachemshwa na mashetani wanakoroga. Mtoto alisimama mbele ya michoro ile akitazama, asitake kuondoka. Bibi huyo alifariki Shigeru akiwa bado mvulana. Miaka mingi baadaye alimchora katika kitabu kilichobeba jina lake, NonNonBa, na mwaka 2007 kitabu hicho kilipata tuzo ya albamu bora katika tamasha la vitabu vya katuni la Angoulême, Ufaransa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa manga kupewa tuzo hiyo. Nafurahi sana kwamba kitabu kilichofika huko ni hiki cha mtumishi wa nyumbani na madoa ya darini.

Kisha vita ikamchukua.

Jeshini hakuwa na bahati hata siku moja. Walimfanya mpiga tarumbeta, tarumbeta ikakataa kutoa sauti. Akaomba kubadilishwa, akaomba tena, hadi mkubwa wake akamuuliza: unataka kwenda kaskazini au kusini? Akajibu kusini, kwa kuwa baridi ilimshinda. Kusini kumbe maana yake ilikuwa Rabaul, katika kisiwa cha New Britain, ambacho leo ni sehemu ya Papua New Guinea. Alifika mwaka 1943 na kitabu cha mazungumzo ya Goethe, mwandishi wa Kijerumani, katika mizigo yake. Askari wapya walikuwa wakipigwa makofi kutwa, na yeye, kijana wa kula sana na kulala sana, mwenye kuchelewa kila foleni, alipigwa kuliko wenzake.

Mwaka 1944 kikosi chao kidogo, watu kama kumi hivi, kilipelekwa mbele mahali panapoitwa Baien. Alfajiri moja zamu ya ulinzi ilikuwa yake. Alipewa darubini atazame bahari, lakini kulipopambazuka aliona kasuku mitini, rangi zao zikiwaka, akaielekeza darubini huko. Akasahau saa. Alipaswa awe amekwisha kurudi kuwaamsha wenzake. Alikuwa bado anatazama kasuku risasi zilipoanza kumiminika juu ya kibanda walimolala.

Walikufa wote isipokuwa yeye. Alikimbia siku kadhaa, akiogelea hapa, akipenya msitu pale, bila bunduki na karibu bila nguo. Usiku mmoja gizani, kila alipojaribu kwenda mbele kitu kilimzuia, laini na kizito kama lami, hakina mwisho kushoto wala kulia. Akashindwa, akaketi apumzike. Aliposimama tena njia ilikuwa wazi. Baadaye alikuja kusoma maandishi ya Yanagita Kunio, mtaalamu wa mila na simulizi za vijijini, akakuta watu wa kaskazini mwa Kyushu wana jina la jambo hilo: Nurikabe, ukuta usioonekana unaomzuia msafiri usiku. Fikiria hilo. Kijana yuko maelfu ya kilomita kutoka kwao, kifo kinamfuata nyuma, na linalomjia ni jambo ambalo wazee wa nchi yake walikwisha kulipa jina.

Alipofika kwa jeshi lake hakupewa pole. Aliulizwa kwa nini yu hai wakati wenzake wamekufa, na kwa nini ameitupa bunduki iliyo mali ya mfalme. Aliambiwa kwamba safari nyingine awe wa kwanza kufa. Hayo alitembea nayo hadi uzeeni.

Malaria ikamwangusha. Akiwa mgonjwa, ndege za adui zikapiga, mkono wake wa kushoto ukasagika. Daktari wa jeshi aliukata bila dawa ya ganzi. Kuna jambo moja alilolisimulia kuhusu kipande kilichobaki ambalo siwezi kulisahau: kidonda kilipoanza kupona, alinusa hapo harufu ya mtoto mchanga, na harufu ile ndiyo iliyomwambia kwamba ataishi. Nimelea watoto watatu, naijua harufu hiyo, ile ya utosini. Kuipata kwenye kigutu chako mwenyewe, katika hema la majeruhi!

Karibu na hapo palikuwa na kijiji cha Watolai, wenyeji wa sehemu hiyo ya kisiwa. Alianza kwenda akitafuta chakula, akaendelea kwenda kwa sababu ya watu wenyewe. Walimpa ndizi na viazi, wakamwita Paulo, wakamlimia shamba lake. Aliona watu wanaofanya kazi kiasi cha kutosha, wakimaliza wanakaa, wanazungumza, wanacheza ngoma. Baada ya makofi yote yale, hilo lilimwingia moyoni. Vita vilipokwisha mwaka 1945 wenyeji walimwambia abaki, watampa nyumba na mke, na yeye alikuwa tayari kabisa. Ni daktari wa jeshi aliyemshauri aende kwanza akawaone wazazi. Akawaahidi Watolai kwamba baada ya miaka saba atarudi.

Miaka iliyofuata ni ya kuhangaikia riziki, nami nitaipita haraka, maana yeye mwenyewe aliisimulia mara nyingi. Alisoma chuo cha sanaa akakiacha, akauza samaki, akafanya biashara ya baiskeli za abiria, akapata jengo la vyumba vya kupangisha huko Kobe lililoitwa Mizuki. Humo ndimo lilimotoka jina lake la kazi.

Lakini kazi ya kwanza ya kuchora aliyoipata inastahili kuelezwa. Iliitwa kamishibai, mchezo wa karatasi. Mtu anapita mitaani na baiskeli, nyuma ana sanduku la mbao. Anagonga vipande vya miti, watoto wanakusanyika, wananunua peremende, kisha anafungua sanduku na kuonyesha picha moja baada ya nyingine huku akisimulia kwa sauti za wahusika wote. Hadithi inakatika panapochoma, mpaka kesho. Mizuki alikuwa nyuma ya pazia la biashara hiyo, akichora karatasi hizo kila siku kwa malipo madogo mno. Humo ndimo alimokabidhiwa Kitaro. Hadithi ya mtoto aliyezaliwa kaburini ilikuwako tangu miaka ya 1930, kazi ya mtu mwingine, na mwaka 1954 aliombwa, kwa ruhusa, atunge ya kwake.

Televisheni ikaja, kamishibai ikafa. Akahamia Tokyo, akaingia kwenye kashihon, manga za kukodishwa katika maduka ya mitaani, kitabu chake cha kwanza akikipata miaka yake 35 imeshatimia. Nayo biashara hiyo ikaanza kufa, kwa sababu ya majarida ya kila wiki. Kila kazi aliyoishika ilimfia mkononi, na mkono wenyewe ulikuwa mmoja.

Januari 1961 alioa. Wazazi walikuwa wamepanga, na kutoka siku walipoonana hadi harusi zilipita siku tano. Mkewe, Nunoe, alikuwa na miaka 29, yeye 38. Nunoe aliandika kumbukumbu zake mwaka 2008, na miaka miwili baadaye zikawa tamthilia ya kila asubuhi katika televisheni ya taifa. Ningependa kila anayesoma habari za wasanii wakubwa asome na habari za wake zao, maana humo ndimo mnamopatikana bei ya mchele. Wachapishaji walikuwa wakimlipa kwa hati za ahadi, na siku ya kwenda kuchukua pesa ukikuta kampuni imeshafilisika. Nguo za harusi zikaenda rehani. Walinunua ndizi zilizokwisha kuwa nyeusi kwa kuwa ndizo walizoziweza. Jioni, mume na mke walikaa wakiunganisha vimanowari vya plastiki, meli za lile jeshi la majini la Japani lililozama, moja baada ya nyingine, hadi zikafika kundi zima.

Na Nunoe ndiye aliyeuona mgongo ule. Mizuki alichora akiwa amejikunja juu ya meza, bega la kushoto likiikandamiza karatasi isiteleze, mkono wa kulia ukienda na kalamu, saa baada ya saa. Vitabu haviuziki, pesa haiji, lakini kila mstari anautia kana kwamba mtu fulani anamsimamia. Nunoe anasema alipouona mgongo huo aliacha kuwa na wasiwasi juu ya mwanamume aliyeolewa naye. Akajifunza naye kutia wino, akamsaidia yale madoa madogo.

Nisimame kwenye madoa hayo. Chukua ukurasa wowote wa Mizuki. Nyuma kuna msitu, au mlango wa hekalu, au ufuko: kila jani lina ukingo wake, kila jiwe lina kivuli kilichojengwa kwa vidoti vya kalamu, mamia kwa mamia, mpaka hewa yenyewe unaiona nzito. Mbele ya mandhari hayo anasimama mtu aliyechorwa kwa mistari michache: macho mawili, meno yaliyotokeza, mwili kama mfuko. Mwanzoni nilidhani ni udhaifu, kwamba miti aliijua na watu hakuwaweza. Baada ya kusoma zaidi nimebadili mawazo. Kwake yeye dunia ndiyo nzito na ya kudumu, binadamu ni mpita njia. Pia mistari michache ile humruhusu yokai na mtu kukaa sawa katika picha moja, bila mmoja kuonekana wa kubuni kuliko mwingine. Baadaye alikuwa na wasaidizi wa kumfanyia vidoti, na miongoni mwao walikuwamo Tsuge Yoshiharu na Ikegami Ryoichi, ambao kila mmoja alikuja kuwa bingwa kwa njia yake.

Mlango ulifunguka alipokaribia miaka arobaini na mitatu. Mwaka 1964 alianza kuchapisha katika jarida la Garo, kisha mhariri wa jarida kubwa la kila wiki akaja nyumbani akitaka hadithi ya anga za mbali. Mizuki, pamoja na njaa yote ile, alikataa, akisema hiyo siyo fani yake. Nalipenda sana jambo hilo. Walirudi tena, safari hii wakamwacha achague, na mwaka 1965 akatoa Terebi-kun, hadithi ya mtoto anayeweza kuingia ndani ya televisheni. Ikapata tuzo ya kampuni ya Kodansha. Mwaka huohuo Kitaro akaingia kwenye Shonen Magazine.

Kitaro ni wa mwisho wa kabila la mizuka. Mama yake alizikwa akiwa na mimba, mtoto akachimba njia ya kutokea. Baba yake alikwisha kuoza, ikabaki mboni moja ya jicho. Mboni ile, kwa kumwonea mwanawe huruma, ikaota mikono na miguu, ikawa inamlea. Inaoga ndani ya kikombe cha chai. Anayeona hilo ni la kutisha tu hajawahi kufikiria jinsi mzazi anavyoweza kubaki hata akiwa amebaki kipande. Pembeni yao kuna Nezumi-otoko, Mtu-panya, nusu binadamu nusu yokai, asiyeoga miaka 300, msaliti kila siku, na kila siku husamehewa. Mizuki alimpenda huyo kuliko wote, nami namwelewa, kwani katika hadithi nzima ndiye pekee mwenye wasiwasi wa kesho atakula nini.

Jina la kwanza la hadithi lilikuwa na neno "makaburini". Walipotaka kuipeleka kwenye televisheni, wafadhili hawakulitaka neno hilo. Hapo ndipo Gege wa Sakaiminato aliporudi: mwaka 1967 ikaitwa GeGeGe no Kitaro, na mwaka 1968 ikaanza kurushwa. Tangu hapo kila kizazi kimekuwa na Kitaro wake wa televisheni, wa mwisho akianza mwaka 2018.

Alichofanya Mizuki kwa wale yokai wenyewe kinahitaji kuangaliwa kwa karibu. Baadhi walikuwa na sura tayari katika michoro ya Toriyama Sekien wa karne ya 18. Lakini wengi wa wale waliomo kwenye kikosi cha Kitaro walikuwa maneno tu, mistari miwili mitatu katika vitabu vya watafiti: kikongwe anayerusha mchanga, mzee anayelia kama kichanga, Ittan-momen wa Kagoshima ambaye ni kitambaa kirefu kinachoruka. Nurikabe alikuwa hisia tu ya kuzuiwa. Mizuki akampa mwili, ukuta mpana wenye macho na miguu mifupi, na leo ukimwuliza mtoto wa Kijapani atakuchorea huohuo. Hapa nina manung'uniko yangu kidogo. Kumpa sura asiyeonekana ni kumfunga, na kile kilichomzuia kijana msituni, cheusi kisicho na mwisho, kilikuwa kikubwa kuliko ukuta wenye macho ya upole. Lakini nikiwaza ni wangapi wangepotea kabisa vijiji vilipohamia mijini na taa za umeme zikamaliza giza, nanyamaza. Bibi yangu hakuwa na mchoraji. Niliyoyasahau katika maneno yake yamekwenda.

Alilala sana. Wenzake wakubwa, Tezuka Osamu na Ishinomori Shotaro, walijisifu kwa kukesha usiku baada ya usiku, naye akawaambia kwamba yeye hulala kwa muda wa saa kumi nzima. Wote wawili walifariki wakiwa na miaka 60. Aliwachorea na manga kuhusu hilo, yenye huzuni ndani yake. Masharti yake ya furaha aliyoyaandika yana agizo la kuwa mvivu, na mimi nasikia humo sauti ya Rabaul, ya watu wanaokaa baada ya kazi.

Ahadi ya miaka saba ilichukua 26. Alirudi New Britain akiwa mtu mashuhuri wa makamo, mkono mmoja wa shati ukining'inia, na kijijini walimtambua. Paulo amerudi. Baada ya hapo alikwenda tena na tena, na mwaka 2003 barabara moja ya Rabaul ikapewa jina lake. Kwao Sakaiminato kuna barabara nyingine, iliyofunguliwa mwaka 1993 ikiwa na sanamu 23 za shaba za yokai, leo zimezidi 170. Mji uliokuwa unafifia umefufuliwa na viumbe aliovijua kikongwe mmoja, na miongoni mwa sanamu Nonnonba naye yumo, amekaa na mtoto.

Ila kurudi kule kulimfungulia na jambo lingine. Mwaka 1973 alitoa kitabu ambacho kwangu ndicho kikubwa kuliko vyote. Kwa Kijapani jina lake ni amri: wote mfe kifo cha heshima. Alisema karibu asilimia tisini ya yaliyomo ni kweli. Ni kisa cha kikosi kilichoamriwa kushambulia bila nia ya kurudi, na walionusurika, kwa kuwa kifo chao kilikwisha kutangazwa, wakaamriwa wakafe mara ya pili. Usitafute mashujaa humo. Askari mmoja anakufa kwa kukwamwa na samaki kooni, mwingine analiwa na mamba. Wanapigwa makofi, wanawaza chakula, wanaimba wimbo wa makahaba. Wana meno yaleyale yaliyotokeza na nyuma yao uko msitu uleule wa vidoti.

Mwishoni mwa kitabu aliandika kwamba kila anapochora habari za vita hupandwa na hasira asiyoielewa, na kwamba labda ni roho za waliokufa zinazomfanyia hivyo. Nilisoma sentensi hiyo mara nyingi. Mtu aliyefundishwa na Nonnonba hasemi hivyo kwa mapambo. Alikuwa anasikia nyayo nyuma yake tangu alfajiri ya kasuku, za watu kama kumi ambao hakuwahi kuwaamsha.

Mnamo mwaka 1988 na 1989 alitoa historia nzima ya enzi ya Showa, yaani miaka ya utawala wa Mfalme Hirohito, katika majuzuu manane, na msimulizi akamweka Nezumi-otoko. Vita vimo, mfalme yumo, ndizi nyeusi zimo, na baba yake na mama yake wamo. Ni kazi kubwa sana, nami bado naisoma polepole. Lakini kila nikiifunga narudi kwenye kile cha 1973, kurasa za mwisho.

Katika hali halisi baadhi ya wale askari walinusurika. Kitabuni Mizuki hakumwacha hata mmoja. Wa mwisho ni Maruyama, ambaye ni Mizuki mwenyewe kwa jina lingine, amepigwa usoni, anajikokota peke yake katika msitu. Anawaza kwamba kumbe hivi ndivyo wote walivyokufa, hakuna aliyewaona, hakuna waliyeweza kumsimulia, wamebaki kusahauliwa tu. Kisha anaanguka. Kurasa zinazofuata hazina maneno, na pale mchoraji amebadili mkono: yale mandhari mazito ya vidoti, aliyoyawekea miti na mawe maisha yake yote, sasa ameyaweka juu ya watu. Miili imechorwa kama picha ya kamera, kisha mifupa, kisha lundo la mafuvu, kila fuvu na kivuli chake, kila jino na ukingo wake.

Mwanangu amekichukua kile cha Tenjoname chumbani kwake na asubuhi hutoka na ripoti ya dari. Hiki kingine nimekiweka juu ya kabati. Ameshaniuliza mara mbili kina nini.